Wasomaji Wauliza: Kupiga Picha Wadudu na Viumbe Wanaotuzunguka

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: mdudu yupo, kamera ipo, ila picha haitoki. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ndefu tumezifupisha.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi natumia simu tu. Nikimsogelea mdudu, simu inashika majani ya nyuma na mdudu anabaki na ukungu. Nikivuta kwa kukuza, picha inachujuka. Nimejaribu lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, imeandikwa 15x, nayo ndiyo imezidisha tatizo. Nifanyeje?

JIBU: Ugomvi wako wa kwanza ni umbali. Lenzi kuu ya simu nyingi haishiki fokasi kwenye kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 8 hadi 15, na baadhi ya simu zenye kihisi kikubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) zinataka nafasi zaidi ya hiyo. Ukivuka mpaka huo, simu haikuonyi. Inatafuta kitu kingine cha kushika, na kilichopo ni majani ya nyuma. Pima mpaka wa simu yako kabla ya kutoka: fungua kitabu mezani, sogeza simu taratibu mpaka herufi zianze kufifia, kisha rudi nyuma kidogo hadi zikae sawa. Umbali huo ukariri. Kwa mdudu mwenye ukubwa wa panzi au kipepeo, piga ukiwa hapo kwa kukuza mara 2, halafu punguza kingo za picha baadaye. Utapata maelezo mengi kuliko ukivuta mara 8.

Lenzi ya kubana ina hesabu yake rahisi. Gawanya 250 kwa namba ya ukuzaji, na jibu ni umbali wa kupigia kwa milimita. Lenzi ya 5x inafanya kazi kwenye milimita 50 hivi, ya 10x kwenye 25, na hiyo yako ya 15x kwenye 17 tu. Kwa milimita 17 kivuli cha simu kinamfunika mdudu, na wengi wameshakimbia kabla hujafika. Anza na 5x. Hakikisha pia imekaa katikati kabisa ya lenzi inayotumika. Simu yenye lenzi tatu hukuchanganya hapa, kwa hiyo ziba moja moja kwa kidole uone ni ipi inayotia giza kwenye kioo. Ikikaa upande, nusu ya picha itakuwa na ukungu hata ufanye nini.

Kisha mtikisiko. Shika shina la jani kwa mkono wa kushoto, na egemeza ukingo wa simu kwenye kidole gumba cha mkono huohuo. Upepo ukitikisa jani, simu nayo inakwenda nalo, na umbali haubadiliki. Funga fokasi kwa kukandamiza kioo mpaka alama ya kufuli itokee, piga picha mfululizo huku ukisogea mbele na nyuma kwa milimita chache, kisha chagua ile ambayo jicho limetoka safi. Jicho likiwa na ukungu picha imeharibika, hata kama mabawa yote yametoka vizuri.

SWALI: Nina kamera na lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100. Jicho la nzi linatoka safi lakini mwili wote umefifia. Nilipofunga tundu la lenzi hadi f/32, picha nzima ikawa laini, haina makali. Flashi ya juu ya kamera nayo inaacha madoa meupe mgongoni mwa mbawakawa, na nyuma kunakuwa giza tupu kama usiku.

JIBU: Una matatizo manne, tuyachukue moja moja. Kumbuka tu kwamba namba ya f ikikua, tundu la lenzi linapungua.

Kina cha fokasi kwanza. Kwenye ukuzaji wa 1:1, yaani mdudu anapoonekana kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 inakupa kina cha milimita 1 hivi kwa f/8, na 1.3 kwa f/11. Hiyo ndiyo sehemu yote itakayokuwa safi, mbele hadi nyuma. Ukirudi nyuma hadi ukuzaji wa nusu, kina kwa f/8 kinakaribia milimita 3. Kwa hiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kutong'ang'ania 1:1. Mpige kwa nusu, kisha punguza kingo. Dawa ya pili ni pembe. Ukimpiga nzi kwa mbele utapata macho tu. Ukimpiga ubavuni, huku uso wa kihisi ukienda sambamba na mwili wake, jicho, kidari, bawa na miguu ya upande huo vyote vinaingia kwenye milimita hizohizo chache.

Laini uliyoiona kwenye f/32 si kosa la lenzi. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na kwenye 1:1 tundu linatenda kazi kama dogo mara mbili zaidi: f/11 iliyoandikwa inakuwa na athari ya f/22, na f/32 yako ilikuwa na athari ya f/64. Kaa kati ya f/8 na f/13. Ukitaka kina zaidi, piga picha 10 hadi 20 huku ukisogeza fokasi kila mara kwa hatua ndogo kuliko kina chako, tuseme nusu milimita, kisha programu iziunganishe. Hilo linafaa kwa mdudu aliyetulia tuli tu. Akipepesa kipapasio kimoja katikati ya kazi, picha iliyounganishwa itaonyesha vipapasio vitatu.

Madoa meupe sasa. Gamba la mbawakawa ni kioo, linaakisi umbo la taa yako. Taa ikiwa ndogo, doa ni dogo na kali. Taa ikiwa pana, doa linatandaa na rangi ya gamba inabaki kuonekana. Upana unaohesabika ni ule anaouona mdudu, si ukubwa wa flashi yenyewe. Chukua karatasi nyeupe nyepesi ya ukubwa wa A4, au sponji jembamba jeupe la kufungashia vyombo, likunje kama kibanda juu ya ncha ya lenzi ili flashi ipige ndani yake, na ukingo wake wa mbele ufike sentimita 10 hivi kutoka kwa mdudu. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera ina kasoro nyingine: mwanga wake hugonga ncha ya lenzi na kuacha kivuli cha nusu mwezi chini ya picha. Flashi ya kupachika juu inaliepuka hilo.

Anza na mpangilio huu wa mkono: shata (mlango wa mwanga wa kamera) 1/200 ya sekunde, f/11, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 200, flashi kwa 1/16 ya nguvu yake. Kwa nguvu ndogo hivyo mwanga hudumu chini ya 1/5000 ya sekunde kwa flashi nyingi za kupachika, na huo ndio unaogandisha mtikisiko, wala si shata. Fokasi iweke ya mkono, ifunge kwenye ukuzaji unaoutaka, halafu uwe unasogea wewe mwenyewe kwa kuyumba mbele na nyuma.

Giza la nyuma linatokana na mwanga wa flashi kupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Mtafute mdudu mwenye jani sentimita 3 au 5 nyuma yake. Kama hayupo, panda hadi ISO 800 na ushushe nguvu ya flashi ili mwanga wa mchana upate nafasi yake kwenye picha.

SWALI: Kereng'ende wa kwenye dimbwi ananikimbia kila mara nikiwa nimebakiza hatua mbili. Rafiki yangu anampata. Ana siri gani?

JIBU: Huenda rafiki yako hamfukuzii. Kereng'ende wengi wana kijiti chao. Wanaruka kuwinda au kumfukuza mwenzao, kisha wanarudi kwenye ncha ileile. Akiruka, usimfuate. Tumia muda huo kukisogelea kijiti, kaa chini, elekeza lenzi kwenye ncha na usubiri. Akirudi atakukuta umeshakuwa sehemu ya mandhari.

Anachokiogopa zaidi ni kitu kinachokatiza mbele ya anga na kivuli kinachompita mwilini. Kwa hiyo njoo kwa chini, si kwa kusimama, na jua lisiwe mgongoni kwako kiasi cha kumtupia kivuli. Usiende upande upande. Mfuate kwa mstari mmoja. Mikono iwe tayari kwenye kamera tangu mbali, maana kuinua kamera ukiwa karibu ndiko kunakomfukuza. Saa za joto kali utawaona baadhi wakiinua mkia wima kulielekea jua ili mwili upate jua kidogo iwezekanavyo. Pozi hilo linafaa kusubiriwa.

Vipepeo wana sheria yao. Asubuhi mapema misuli ya mabawa haijapata joto, nao hukaa wameyatandaza juani kabla ya kuweza kuruka vizuri. Huo ndio wakati wa kupiga mgongo. Mchana watafute kwenye matope au mchanga wenye unyevu, ambako madume hukusanyika kunywa chumvichumvi. Wakishazama kwenye kunywa wanakuvumilia hadi karibu sana.

SWALI: Nimeambiwa nimweke mdudu kwenye friji kwa dakika kumi ili atulie, kisha nimpige picha. Na pia nimnyunyizie gliserini ili aonekane ana umande. Ni sawa?

JIBU: Hapana, yote mawili. Mdudu aliyepozwa huikunja miguu na kulaza vipapasio namna ambayo mwenzake aliye huru hakai, na mtu anayewajua wadudu hulitambua hilo mara moja. Akitolewa kwenye baridi, mvuke unaganda mwilini mwake. Wengine hufa, na anayepona huachwa mahali asipopajua, hana nguvu, mbele ya chungu na ndege. Gliserini nayo haikauki kama maji. Mdudu hupumua kwa vitundu vilivyo ubavuni, na kuvipaka kimiminika kizito ni kumziba pumzi. Umande wa kweli upo bure kabla jua halijapanda, na saa hiyo baridi ya asili imeshamtuliza bila wewe kumgusa.

SWALI: Doa jeusi ndani ya jicho la vunjajungu hunifuata kila ninaposogea. Ananiangalia kweli?

JIBU: Anakuona, ila doa hilo si mboni. Jicho lake limeundwa na vijicho vingi vidogo, kila kimoja kikitazama upande wake. Vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja humeza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana pale panaonekana peusi. Ukihama, vingine ndivyo vinavyokuelekea, na doa linahama. Kwa mpiga picha ni faida: sogea mpaka madoa yote mawili yaonekane mbele ya macho, na picha itakuwa na mtazamo. Usiku jicho lote hugeuka jeusi na doa halionekani tena.

SWALI: Nataka kuwaita nondo kwa taa na shuka jeupe. Nimejaribu kwa balbu ya kawaida, wakaja wachache na picha zote zikawa za njano. Naomba maelekezo kamili.

JIBU: Shuka liwe la pamba, jeupe, lisilo na maua, la upana wa mita 1.5 hadi 2. Lifunge kwenye kamba kati ya miti miwili na uliache refu kiasi kwamba sentimita 50 zilale chini mbele yake. Wadudu wengi huanguka, na bila hiyo sehemu ya chini wanapotelea kwenye nyasi ambako utawakanyaga. Bana pembe kwa mawe. Taa itundikwe mbele ya shuka, sentimita 30 hivi, kwenye kimo cha kifua.

Taa nzuri ni ya LED ya urujuanimno (UV), kati ya nanomita 365 na 395. Usiitazame moja kwa moja. Vaa miwani inayozuia mionzi hiyo ikiwa utakaa karibu kwa muda mrefu. Usiiweke ardhini ikitazama juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba wadudu wanaoruka usiku huuelekeza mgongo wao kwenye mwanga, kwa sababu kwa kawaida palipo na mwanga zaidi ndiko juu, angani. Taa ikiwa pembeni wanaizunguka bila kutoka. Ikiwa chini yao, wanajipindua na kuanguka.

Chagua usiku wenye joto, usio na upepo, wenye mawingu, na mwezi ukiwa mwandamo au haujachomoza. Mbalamwezi hupunguza sana wanaokuja. Washa giza linapoingia, na fanya kazi kwa saa mbili au tatu. Usitazame penye mwanga mkali tu. Nondo wakubwa mara nyingi hutua kwenye kingo zenye kiza, nyuma ya shuka, kwenye mikunjo ya chini na kwenye majani yaliyo mita mbili tatu pembeni.

Usipige picha kwa mwanga wa taa hiyohiyo, itakupa zambarau, kama balbu yako ilivyokupa njano. Tumia flashi yenye kitawanya mwanga, au tochi nyeupe inayomulika kwa ubavu. Shuka jeupe huidanganya kamera inayojipimia mwanga, nondo akatoka mweusi. Ongeza mwanga kwa hatua 1. Picha nzuri zaidi ni ya nondo aliye kwenye gome au jani, kwa hiyo waliotua pembeni wape muda mwingi kuliko waliojaa shukani.

Kuna mgeni mmoja wa kuangaliwa: mbawakawa mwembamba mwenye urefu wa chini ya sentimita moja, mwenye pingili za rangi ya chungwa na nyeusi, anayetembea haraka kama chungu. Haumi wala hachomi, lakini damu yake ina sumu inayobabua ngozi. Akikutua, mpulize au mtoe kwa karatasi; usimponde. Ukishamponda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mara moja na usijiguse macho. Viwavi wenye manyoya nao usiwashike.

Ukimaliza, zima taa, washa tochi hafifu, na likung'ute shuka taratibu juu ya vichaka. Usiiache taa ikiwaka mpaka asubuhi, maana ndege huja kula kila kilichobaki, na nondo waliozunguka taa usiku kucha hawakula wala kupandana.

SWALI: Bila shuka, usiku kuna nini cha kutafuta?

JIBU: Vingi. Weka tochi kando ya jicho lako, si kiunoni, na umulike nyasi: vimeta vidogo vinavyorudisha mwanga ni macho ya buibui wawindaji wa ardhini. Vinyonga hulala kwenye ncha za matawi membamba, na kwenye mwanga wa tochi wanaonekana weupe kuliko majani. Nge hung'aa rangi ya kijani chini ya taa ya urujuanimno, isipokuwa aliyetoka kujivua gamba. Wamulike kwa muda mfupi, kisha uzime. Vaa viatu vilivyofunika vifundo, na usitie mkono penye tundu au chini ya gogo.

SWALI: Nilipandisha picha zangu kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe na kusaidiana kuvitambua. Nyingi zimeishia kwenye jina la jumla tu, "mbawakawa" au "nzi", na nyingine zimekataliwa kwa kukosa tarehe. Picha ni safi kabisa. Wanataka nini?

JIBU: Picha safi na picha inayotambulika ni vitu viwili. Mtambuzi anahitaji sehemu fulani za mwili, na sehemu hizo zinatofautiana kwa kila kundi. Kwa kipepeo piga juu na chini ya mabawa. Spishi nyingi zinafanana juu na kutofautiana chini. Kwa nzi piga uso, na bawa likiwa limekaa wazi ili mishipa yake ionekane. Kwa mbawakawa piga mgongo mzima kutoka juu, kisha vipapasio na ncha za miguu. Kwa buibui piga mgongo, mpangilio wa macho kwa mbele, na tumbo kwa chini ikiwa yuko kwenye utando na unaweza kupita upande wa pili. Kwa kiwavi, mmea anaoula una uzito kama kiwavi mwenyewe, hivyo piga jani lake, na ua kama lipo. Picha moja iwe na kipimo: rula pembeni, au urefu uliouandika kwa milimita.

Kabla ya hayo, hakikisha unajua ni kundi gani. Nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Kuna nzi wengi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaojifanya nyuki, na vipapasio vyao vifupi ndivyo vinavyowaumbua.

Kuhusu tarehe: programu nyingi za kutumiana ujumbe hufuta taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani saa, tarehe na mahali. Ukijitumia picha kwa njia hiyo kisha ukaipandisha, inafika bila chochote. Pandisha faili ya asili, na sahihisha saa ya kamera. Uchunguzi unapata daraja la utafiti ukiwa na picha au sauti, tarehe, mahali, kiumbe awe wa porini asiyefugwa, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane kuhusu spishi. Usikubali jina kwa sababu tu mtu amelipendekeza. Kubali kama unaona alama anazozitaja. Na zipo jamii za nzi na nyigu ambazo hazitofautishwi bila kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Kwa hao, jina la jumla ndilo jibu sahihi, hukukosea kitu.

Kama mdudu umempata nyumbani kwako, ficha mahali kamili kwenye mipangilio. Mfumo utaonyesha nukta iliyosogezwa ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2 za latitudo na longitudo. Kwa spishi nyingi zilizo hatarini unafanya hivyo wenyewe.

SWALI: Nimepata kiota chenye makinda. Nikate tawi linalozuia ili nipate picha?

JIBU: Usikate. Tawi hilo ndilo kivuli chao, na ndilo linalowaficha. Ukisimama karibu, wazazi hawaji kulisha, na njia uliyoikanyaga inampeleka mwindaji moja kwa moja. Piga picha moja kwa mbali kwa ajili ya kumbukumbu, ondoka, na usipaandike mahali pake popote.

SWALI: Ndani ya lenzi yangu kumeota nyuzinyuzi nyeupe kama utando. Zinafutika?

JIBU: Hiyo ni kuvu, iko katikati ya vioo, na kitambaa hakiifikii. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, kwa sababu ikikaa muda mrefu huila tabaka la juu la kioo na alama haitoki tena. Mpaka ipone, itenge na lenzi nyingine. Kuvu hustawi penye unyevu mwingi na giza, kwa hiyo mfuko wa ngozi kabatini ni mahali pabaya kwa lenzi. Tumia sanduku lisilopitisha hewa lenye kipima unyevu kidogo na punje za silika. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje zinazobadilika rangi zitakuonyesha zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa moja au mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha zirudishe.